Ramani kwanza, kamusi baadaye: jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kijerumani lisilo la kawaida

Maswali ni yaleyale kila mara. Mmoja ana babu aliyekuja na meli enzi za utawala wa Wajerumani, na jina limebaki kwenye cheti cha ubatizo. Mwingine ameolewa Stuttgart na sasa anaitwa jina ambalo hata wakwe zake hawajui lilianzia wapi. Wa tatu ni mwanafunzi wa historia aliyekutana na mmisionari kwenye nyaraka za Rabai. Wote wanataka kujua mambo matatu: jina lina maana gani, lilitokea wapi, na leo wenye jina hilo ni wangapi.

Karibu wote huanza na swali la maana, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Ukiuliza maana kabla ya kujua jina lilikaa wapi, utapewa maana tatu na hutakuwa na njia ya kuchagua moja. Kwa hiyo hapa tunageuza mpangilio. Tunaanza na tahajia, tunaangalia ramani ya leo, tunarudi kwenye ramani ya zamani, ndipo tunafungua kamusi. Vitabu vya kanisa vinakuja mwisho, kuthibitisha au kukanusha.

Mfano wetu mkuu ni jina Rebmann. Nimelichagua kwa kuwa pwani yetu inalijua. Johannes Rebmann, mmisionari, alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, karibu na Stuttgart. Alifika Mombasa mwaka 1846, akaungana na mmisionari mwenzake Johann Ludwig Krapf kule Rabai, karibu na Mombasa, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, habari ambayo wasomi kadhaa wa Ulaya waliikataa kwa miaka mingi. Aliondoka pwani mwaka 1875 akiwa karibu kipofu. Barafu moja ya upande wa kusini wa mlima ina jina lake hadi leo. Kwa Wajerumani, Rebmann si jina la kila mtaa. Ni jina la upande fulani wa nchi, na majina ya namna hiyo ndiyo yanayofuatilika vizuri zaidi.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Jina lenyewe, limenakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye hati ya zamani kuliko zote ulizonazo. Usilisahihishe hata kama unaona limekosewa.
- Mahali pamoja na mwaka mmoja, hata kama ni wa kukadiria. "Kijiji fulani karibu na Heilbronn, kama 1890" inatosha kuanzia.
- Dhehebu la familia. Vitabu vya Walutheri na vya Wakatoliki vimehifadhiwa sehemu tofauti, na usipojua hili utapoteza muda mwingi.
- Daftari, au Excel yenye safu nne: tahajia, mahali, mwaka, na umeipata wapi. Safu ya nne usiiache wazi kamwe.
- Fedha kidogo kwa ajili ya hatua ya saba. Hatua zilizotangulia zinafanyika bure.

Kijerumani si lazima ukijue. Ila ukitumia tafsiri ya kivinjari, kumbuka kwamba inatafsiri hata majina ya watu: bwana Weber anageuka kuwa mfumaji na bibi Koch anageuka kuwa mpishi. Ukifika kwenye orodha ya majina, zima tafsiri na usome ukurasa ulivyo.

Hatua ya 1. Hakikisha unalofuatilia ni jina la ukoo

Wajerumani watashangaa kuiona hatua hii, lakini kwetu ni ya lazima. Tanzania watu wengi huitwa jina lao, likifuatwa na la baba, kisha la babu. Makanisa ya Kilutheri na ya Kikatoliki yalibatiza watu kwa majina kama Ludwig, Wilhelm na Gerhard. Kwa hiyo mtu anayeitwa Ludwig mwishoni mwa jina lake, mara nyingi ana babu aliyebatizwa Ludwig. Haimaanishi kwamba ana babu Mjerumani.

Jiulize maswali mawili. Je, hili ni jina la kubatiziwa? Je, kabla ya babu huyo kuna mtu mwingine katika ukoo aliyeitwa hivyo? Kama ni jina la ubatizo na linaanza na babu, acha ramani za Ujerumani. Nenda kwenye rejista ya usharika wako, maana ndiko historia ya jina hilo iliko.

Hatua ya 2. Orodhesha tahajia zote zinazowezekana

Kabla usajili wa serikali haujaanza, hakuna aliyejali jina linaandikwaje. Prussia, ufalme uliokuwa mkubwa kuliko mengine ndani ya Ujerumani, ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Oktoba 1874, na dola nzima ya Ujerumani ikafuata tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo mchungaji aliandika alichosikia, na mchungaji aliyemfuata akasikia vingine.

Chukua jina lako ulipitishe kwenye mabadiliko haya:

- ä, ö, ü zinaweza kuandikwa ae, oe, ue, au kubaki a, o, u tupu jina likishavuka bahari.
- ß inakuwa ss.
- Herufi zinazopishana: d na t, dt na t, b na p, k na ck, z na tz, i na y, f na v, t na th.
- Konsonanti ya mwisho inakuwa moja au mbili: Rebmann, Rebman. Marekani utakutana sana na hiyo ya pili.
- Herufi h inayoingia na kutoka. Jakob Erhardt, mwenzao Krapf na Rebmann kule Rabai, ana jina linaloandikwa pia Ehrhardt, Erhard, Ehrhard, Ehrhart na namna nyingine tele.

Kisha kuna jambo ambalo wanaoanza hawalijui kabisa. Kwenye vitabu vya zamani, jina la ukoo la mwanamke liliongezwa -in mwishoni, na mara nyingine irabu ya katikati ikabadilika. Binti wa Rebmann anaweza kuandikwa Rebmännin, na binti wa Krapf akaandikwa Krapfin. Hilo si jina jipya wala si ukoo mwingine. Ondoa -in, rudisha irabu mahali pake, uendelee.

Wasomi nao walikuwa na desturi ya kugeuza majina yao kuwa ya Kilatini au ya Kigiriki. Rebmann aliyesoma aliweza kujiita Ampelander, kutoka maneno ya Kigiriki ya mzabibu na mwanamume. Mchungaji wa Bern aitwaye Hans Rudolf Rebmann, aliyezaliwa 1566 na kufariki 1605, alitoka katika familia iliyotumia majina yote mawili. Alitunga utenzi mrefu wa mazungumzo ya milima miwili ya Uswisi, Niesen na Stockhorn, uliochapishwa 1606. Mimi hupenda kwamba Rebmann mmoja aliisemesha milima, na mwingine, karne mbili na nusu baadaye, akaja kuuona mlima wetu. Hata hivyo kufanana kwa jina hakuwafanyi kuwa ndugu. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Hatua ya 3. Tazama ramani ya leo

Serikali ya Ujerumani haitoi hesabu rasmi ya majina ya ukoo. Kinachotumika badala yake ni orodha za simu za mezani. Hifadhi iliyo bora ni ya mwaka 2005, yenye simu za watu binafsi zipatazo 28,000,000. Baada ya hapo watu walihamia simu za mkononi na wengi wakaacha kuandikisha majina yao, kwa hiyo orodha za karibuni zinapotosha zaidi kuliko za 2005. Ukikutana na ramani ya mwaka 1990 au karibu na hapo, ujue Ujerumani Mashariki nyumba nyingi hazikuwa na simu. Upande wa mashariki utaonekana mtupu bila sababu ya jina.

Fanya hivi:

a) Fungua kamusi ya mtandaoni ya majina ya ukoo ya Ujerumani inayoandaliwa na Akademia ya Sayansi na Fasihi ya Mainz, iitwayo Digitales Familiennamenwörterbuch Deutschlands, kwa kifupi DFD. Andika jina lako. Jina likiwamo, utaona idadi ya simu, nafasi yake katika orodha ya majina yote, na ramani. Nakili idadi na uitazame ramani. Sehemu ya maana usiisome bado.

b) Fungua Geogen, au tovuti nyingine ya ramani za majina, uchore ramani mbili: ya idadi kamili na ya uwiano, yaani wangapi kwa kila watu milioni wa eneo.

c) Rudia kwa kila tahajia uliyoandika katika hatua ya pili, na uhifadhi picha ya kila ramani.

Kuna mtego katika kila moja ya ramani hizo mbili. Ramani ya idadi kamili huonyesha Berlin, Hamburg na München kwa rangi nzito hata kama jina halikuanzia huko, kwa sababu watu wa kila jina wamehamia mjini. Ramani ya uwiano huondoa kasoro hiyo, lakini kwa jina la nadra inaleta nyingine. Tuseme wilaya ya watu 50,000 ina simu mbili za jina lako, na jiji la watu 600,000 lina simu kumi na mbili. Wilaya itaonyesha 40 kwa milioni na jiji 20 kwa milioni. Wilaya itang'aa kama chimbuko la jina, kumbe ni nyumba mbili tu, pengine baba na mwanawe waliohamia huko kwa ajili ya kazi ya kiwandani.

Kwa hiyo usiliamini doa moja lenye rangi kali. Tafuta kundi la wilaya zinazopakana. Wilaya tano jirani zenye simu nane nane zina uzito kuliko wilaya moja ya pembeni yenye rangi nyekundu.

Jina Müller, la kwanza kwa wingi Ujerumani, lilikuwa na simu takriban 256,000 mwaka 2005, na ramani yake imefunika nchi yote. Hilo huwezi kulifuatilia kwa ramani hata ukijitahidi vipi. Jina lako kuwa la nadra ni bahati.

Hatua ya 4. Geuza simu kuwa watu

Simu moja ilitumiwa na nyumba nzima. Mwaka 2005 Ujerumani ilikuwa na watu wapatao 82,000,000. Gawanya kwa simu 28,000,000, unapata karibu watu 2.9 kwa simu moja. Watafiti huzidisha kwa namba iliyo karibu na hiyo, na 2.8 hutumika sana.

Tuseme jina lako lina simu 120. Zidisha kwa 2.8, unapata 336. Usiandike "watu 336". Andika "kati ya 300 na 400", maana hesabu yenyewe ni ya kukadiria. Simu zikiwa chini ya kumi, acha kuzidisha kabisa. Sema tu kwamba wenye jina ni wachache sana na utaje wilaya walizopo.

Jumlisha tahajia zako mwishoni, ila weka kila moja na namba yake. Usichanganye tahajia mbili zenye ramani tofauti. Erhardt na Ehrhardt zikikaa sehemu mbalimbali, hizo ni habari mbili.

Tovuti za kimataifa zinazotoa idadi ya jina kwa kila nchi duniani zinasaidia kukuonyesha uanze kutafuta wapi, lakini namba zake kwa nchi zetu usizichukue kama zilivyo, hasa kwa sababu niliyoitaja katika hatua ya kwanza. Kwa Marekani kuna njia iliyo bora: Ofisi ya Sensa ilichapisha orodha ya majina yote ya ukoo yaliyotajwa mara 100 au zaidi katika sensa za 2000 na 2010. Uswisi nayo ina orodha ya majina ya familia zilizokuwa na uraia wa miji na vijiji vyake mwaka 1962, na inaonyesha kama zilipata uraia huo kabla ya 1800, katika karne ya 19, au baadaye. Kwa jina lolote la kusini-magharibi mwa Ujerumani, kuipitia orodha ya Uswisi ni lazima.

Hatua ya 5. Rudi nyuma miaka mia

Ramani ya 2005 inaonyesha watu baada ya vita viwili vikuu na uhamaji mkubwa. Baada ya 1945 Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa Silesia, Pomerania, Prussia Mashariki na maeneo mengine, wakasambazwa kila mahali. Jina la kwao leo linaonekana kama nukta zilizotawanyika bila kitovu. Ukiona ramani ya namna hiyo, usikate tamaa na usibuni kitovu. Kitovu kipo, ila leo kiko ndani ya Poland, Urusi au Jamhuri ya Czech.

Dawa yake ni orodha za wanajeshi waliokufa, kujeruhiwa au kupotea katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Chama cha Wajerumani wanaotafiti nasaba kwa kompyuta, CompGen, kwa nguvu za watu wa kujitolea, kimeziingiza zote katika hifadhi inayotafutika bure. Andika jina, na utapata orodha ya watu pamoja na miji na vijiji walikotoka. Nakili mahali tu, kisha uhesabu kila mahali pametajwa mara ngapi.

Vijiji vingi vya Ujerumani vina majina yanayofanana. Neustadt peke yake ziko nyingi mno. Hakikisha kila kijiji kwa kutumia kamusi ya mahali ya Meyer ya mwaka 1912, ambayo imewekwa mtandaoni pamoja na ramani. Itakuambia kijiji kilikuwa mkoa gani, na kama kilikuwa na parokia yake au kiliabudu kijiji cha jirani. Habari hiyo ya parokia iandike hapohapo. Utaihitaji katika hatua ya saba.

Sasa linganisha. Ramani ya 2005 na orodha ya vita zikielekeza upande mmoja, umepata nyumbani kwa jina. Zikipingana, iamini ya zamani.

Hatua ya 6. Sasa fungua kamusi

Majina ya ukoo ya Kijerumani huingia katika mafungu matano: jina la baba au babu, mahali mtu alikotoka, mahali alipokaa kijijini (mtoni, kilimani, penye mti fulani), kazi, na jina la utani au la sifa. Ukishajua eneo, kuchagua fungu kunakuwa rahisi.

Rebmann ni jina la kazi. Rebe ni mzabibu, na rebman katika Kijerumani cha zama za kati ni mtu wa kutunza mizabibu. Lakini kazi ileile ilikuwa na majina tofauti kila upande, na hapo ndipo ramani inapolipa. Kando ya mto Main, eneo la Franken, mtu huyo aliitwa Häcker au Hecker. Bavaria na Austria aliitwa Weinzierl. Württemberg aliitwa Weingärtner. Rebmann na Reber ni maneno ya upande wa Rhine ya juu: Baden, Alsace na Uswisi ya Kijerumani.

Sasa rudi kwa Johannes Rebmann. Gerlingen iko Württemberg, ambako neno la kawaida la kazi hiyo ni Weingärtner. Basi swali la kwenda nalo kwenye vitabu vya kanisa ni hili: je, ukoo huu ulikuwa hapo tangu zamani, au uliletwa na mhamiaji? Tunajua kwamba baada ya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyomalizika 1648, Waswisi wengi walihamia kusini-magharibi mwa Ujerumani kujaza vijiji vilivyoachwa tupu, na wachungaji waliandika kando ya majina yao kwamba wametoka Uswisi au eneo la Bern. Kamusi haiwezi kukujibu swali la namna hiyo. Ila bila kamusi na ramani usingejua hata kuliuliza.

Kwa majina mengine maana hazitengani. Krapf linatoka kwenye neno krapfe, lililomaanisha kulabu, na pia andazi la kukaangwa ambalo Wajerumani wa kusini hadi leo huliita Krapfen. Mwenye jina aweza kuwa muuza maandazi, mpenda maandazi, au mtu aliyehusishwa na kulabu. Maana zote ni za eneo lilelile, kwa hiyo ramani haisaidii. Hapo ziandike zote mbili. Kulazimisha moja ni kudanganya.

Hatua ya 7. Ingia kwenye vitabu vya kanisa

Kwa Wakatoliki, anza na tovuti ya Matricula, ambayo ni bure. Kwa Walutheri na waprotestanti wengine, tumia tovuti ya Archion, iliyoanza 2015. Picha za vitabu zinalipiwa kwa muda utakaochagua. Kwa Baden, Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Baden-Württemberg imeweka mtandaoni bure nakala za vitabu vya kusajili vizazi, ndoa na vifo vya sehemu ya kusini kuanzia 1810 hadi 1870. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch nayo ina faharasa nyingi, lakini faharasa ni ya kukuelekeza tu. Fungua picha ya ukurasa wenyewe.

Württemberg ni mahali pazuri kwa anayeanza, kwa sababu tangu 1808 kila usharika ulitunza rejista ya familia: mume, mke, wazazi wao na watoto wote katika ukurasa mmoja. Vitabu vya ubatizo viliamriwa huko mwaka 1558, ila vingi havifiki mbali hivyo. Baada ya mapigano ya Nördlingen mwaka 1634 majeshi yalichoma vijiji na vitabu vikateketea navyo. Ukitaka kuruka pengo hilo, kuna orodha za kodi ya vita dhidi ya Waturuki za 1544 na 1545, zinazotaja wakuu wa nyumba kijiji kwa kijiji.

Mwandiko utakusumbua. Huitwa Kurrent, na herufi zake hazifanani na zetu. Haya ndiyo ya kujua mapema:

- n, u na e hufanana. u huwekewa kiupinde kidogo juu ili itofautishwe.
- Kistari juu ya n au m maana yake herufi hiyo ni mbili. "Rebman" yenye kistari juu ya n ya mwisho isomwe Rebmann.
- b na h huchanganywa kirahisi. Rebmann na Rehmann ni majina mawili tofauti, na faharasa zinaweza kuyachanganya.
- 7br si Julai. Ni Septemba, kwa kuwa septem ni saba. 8br ni Oktoba, 9br Novemba, na Xbr Desemba.
- Nyota ni kuzaliwa, msalaba ni kufa, na viduara viwili vilivyoungana ni ndoa.

Tafuta kwanza maneno unayoyajua kwenye ukurasa huohuo, kama vile Johann, Maria au jina la kijiji. Zitazame herufi za mwandishi huyo, kisha ndipo usome jina la ukoo. Kila mchungaji ana mkono wake.

Hatua ya 8. Ukikwama, andikia ofisi

Hati za serikali ya Ujerumani hufunguliwa kwa kila mtu baada ya muda: vizazi miaka 110, ndoa miaka 80, vifo miaka 30. Kabla ya hapo, kwa kawaida utapewa za wazazi, mababu, watoto na wajukuu wako tu, kwa kuthibitisha uhusiano. Barua iwe fupi. Hii inatosha:

Sehr geehrte Damen und Herren,
ich erforsche den Familiennamen Rebmann und suche den Geburtseintrag von … , geboren um … in … . Bitte teilen Sie mir vorab die Kosten mit.
Mit freundlichen Grüßen

Hapo umesema unatafiti jina Rebmann, unatafuta ingizo la kuzaliwa la fulani aliyezaliwa karibu mwaka fulani mahali fulani, na unaomba uambiwe gharama kwanza. Omba jambo moja kwa barua moja. Barua yenye maswali kumi huwekwa pembeni.

Makosa yanayorudiwa sana

Kubwa kuliko yote ni kudhani jina moja ni ukoo mmoja. Palipokuwa na mizabibu palikuwa na watunza mizabibu, na kila kijiji kingeweza kumpata Rebmann wake. Andreas Georg Friedrich Rebmann, mwandishi wa siasa aliyezaliwa 1768, alitoka Sugenheim huko Franken. Kurt Rebmann, aliyekuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Shirikisho kuanzia 1977 hadi 1990, alizaliwa Heilbronn. Kumuunganisha yeyote kati yao na Rebmann wa Rabai kunahitaji karatasi ya kila kizazi, bila kuruka hata kimoja.

La pili ni kununua nembo ya ukoo. Inaniuma kila nikiona mtu wetu ametuma fedha Ulaya na kuletewa ngao ya rangi yenye jina lake. Nembo hupewa familia maalumu, haipewi jina. Anayekuuzia nembo ya jina anakuuzia mapambo.

La tatu ni kudhani kiambishi von mbele ya jina lazima ni ukabaila, au kwamba kimepotea njiani. Kaskazini mwa Ujerumani wakulima wengi walikuwa nacho, kikionyesha mahali tu.

Mambo yakigoma

*Jina halionekani kwenye ramani yoyote.* Pitia upya hatua ya pili, hasa ä na ae, na konsonanti ya mwisho. Likigoma bado, jaribu orodha za Vita vya Kwanza. Majina mengine yalikufa Ujerumani katika karne ya 20 yakabaki Marekani peke yake.

*Vitovu viwili vilivyo mbali.* Yaelekea jina lilizaliwa mara mbili, pengine kwa maana mbili. Fuatilia kila kitovu peke yake, na kila kimoja ukifungulie kamusi upya.

*Familia ni ya Kiyahudi.* Wayahudi wengi walitakiwa kuchukua majina ya kudumu kwa amri za serikali: Austria mwaka 1787, Prussia mwaka 1812. Usitafute jina hilo karne ya 17. Tafuta orodha za kuchukua majina za mji husika.

*Jina linaishia -ski au -ow.* Angalia mashariki, kwenye lugha za Kislavoni. Lakini -ski nyingi za bonde la Ruhr zililetwa na wachimba makaa wa karne ya 19, kwa hiyo Ruhr si chimbuko.

*Kitabu cha kanisa kinaanza baada ya mtu wako kuzaliwa.* Soma kitabu cha vifo. Wachungaji wengi waliandika umri wa marehemu kwa miaka, miezi na siku, na mara nyingine mahali alikozaliwa. Toa umri huo kwenye tarehe ya kifo, upate siku ya kuzaliwa, kisha ufungue kitabu cha kijiji hicho kingine.